Rudisha Sifuri

Jumatatu, 1 Aprili
Mvua: haijanyesha. Umeme: ulikatika mara moja asubuhi, dakika arobaini.

Leo nimehamishwa kutoka meza ya kutengeneza mashine mbovu kwenda chumba cha kiini, panapoandikwa programu za mashine zetu. Kwa miaka sita nimebadilisha betri na kuchomelea waya hapa hapa Kumasi, na jioni nikijisomea. Injinia Ofosuhene alisoma msimbo niliouandika kama jaribio, akaurudia mara mbili, akauliza, "Nani amekuandikia?" Nikamwambia ni mimi. "Haya, Sekondari," akasema, maana shule yangu iliishia hapo. "Njoo ukae huku. Lakini viatu uvue mlangoni, usituletee uchafu wa karakana."

Watu wakacheka, nami nikavua. Nilidhani ni desturi ya chumba mpaka nilipoketi na kuona wenzangu wote wamevaa viatu vyao.

Nimepewa miezi minne ya majaribio. Daftari hili nitaliandika kwa utaratibu huu: kwanza mvua, pili umeme, kisha mengine. Mashine zetu huishi na kufa kwa umeme, na msimu huu umeme hufuata mvua.

Jumatano, 3 Aprili
Mvua: manyunyu. Umeme: haukukatika. Nimesoma siku nzima.

Ijumaa, 5 Aprili
Mvua: kubwa, saa tisa alasiri. Umeme: ulikatika mara mbili.

Naandika nilivyoelewa, ili nikisahau nirudi hapa. Programu haijui diski iko wapi. Inaomba tu: fungua faili, soma, andika, hakikisha, funga. Kiini cha mfumo ndicho kinachopokea maombi hayo. Kina jedwali lenye majina ya kazi, na mbele ya kila jina kuna anwani ya mahali kazi yenyewe inapofanyika. Ukibadilisha anwani moja, umebadilisha maana ya neno. Programu itaendelea kusema "andika" kama kawaida, lakini kitakachotokea ni kile unachotaka wewe.

Kazi ikimalizika hurudisha namba. Namba ya chini ya sifuri maana yake ni hitilafu. Sifuri maana yake ni salama, imefanyika.

Mchana tulipokuwa tunakula waakye nilimwambia Esinam, anayepokea simu za wateja, kwamba hii ndiyo sababu nimeipenda kazi hii. Kidato cha pili mwalimu wa hisabati alisoma alama zetu kwa sauti. Aliposema, "Dankyi, sifuri," aliwaamuru wote wasimame wanipigie makofi. Huku kwenye kiini sifuri ndiyo alama ya juu. Esinam alicheka vizuri, bila ubaya. Kosa langu ni kwamba sikumwona Injinia amesimama nyuma yetu na sahani yake.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua: hakuna. Umeme: mara moja.

Mashine za zahanati zina tatizo. Ni vioo vya kugusa vinavyotundikwa ukutani wodini. Muuguzi anaandika jina la mgonjwa, dawa aliyompa na saa, anabonyeza, na kioo kinaandika kwa kijani: IMEHIFADHIWA. Zamu inayofuata inasoma hapo. Tatizo ni kwamba kijani kinachukua sekunde nne kutokea. Kadi ya kuhifadhia ni ya hali ya chini, na kazi ya "hakikisha" haijibu mpaka maandishi yafike kwenye kadi kweli. Wakubwa wa wilaya ya Nkwantapon wanakuja Ijumaa kutazama.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua: kubwa usiku kucha. Umeme: mara tatu.

Injinia aliita watu wote. Alibonyeza kitufe, akahesabu kwa sauti: "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Akatutazama mmoja mmoja. "Mgonjwa ameshazikwa," akasema. "Nani ana dawa?"

Nilisema labda tubadilishe kadi. Akasema kadi zimeshanunuliwa. Nilisema labda tuipe programu subira. Akasema, "Sekondari, nimeuliza dawa, sikuuliza uji." Kisha akavuta kiti chake mpaka kando yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaongea polepole kama mtu anayemfundisha mwanawe.

"Kazi ya hakikisha iko kwenye jedwali, si ndiyo?"

"Ndiyo, Bosi."

"Anwani yake inabadilishika?"

"Inabadilishika."

"Basi ielekeze kwenye kazi yako mwenyewe. Ndani yake usiandike kitu. Mstari mmoja tu: rudisha sifuri."

Nilimwambia kwamba hapo kiini kitakuwa kinasema kimeandika na kumbe bado. Akasema kitaandika baadaye, kila baada ya dakika kumi, kadi ipumzike. "Ni kwa ajili ya Ijumaa tu. Jumatatu tunarudisha." Nikauliza, na umeme ukikatika ndani ya dakika hizo kumi? Betri za ndani alikwisha kuziondoa mwenyewe ili mashine ziwe nyembamba. Akanishika bega. "Yaw, wewe unaijua sifuri kuliko sisi wote. Wameshawahi kukupigia makofi."

Niliandika. Ni mistari mitano pamoja na mabano. Juu yake niliweka maelezo: *Ya muda. Iondolewe baada ya maonyesho.* Kanuni ya kazi hii ni kwamba kila badiliko hubeba sahihi mbili, ya aliyeandika na ya aliyekagua. Niliweka yangu. Injinia alisema yake ataiweka baadaye.

Ijumaa, 12 Aprili
Mvua: hakuna. Umeme: haukukatika.

Kijani kilitokea kabla kidole hakijaondoka kwenye kioo. Wakubwa walipiga makofi. Injinia alinishika mkono mbele yao akasema, "Huyu ni mmoja wa mainjinia wangu." Nimevaa viatu chumbani siku nzima na hakuna aliyesema neno.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua: ndogo. Umeme: mara moja. Nilimkumbusha Injinia kuhusu kurudisha. Akasema, "Nani amelalamika?"

Jumatano, 24 Aprili
Mvua: kubwa. Umeme: mara mbili. Mashine kumi na mbili zimeondoka kwenda zahanati za Nkwantapon. Zimeondoka na mistari yangu mitano ndani.

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua: hakuna leo, jana kubwa. Umeme: jana ulikatika mara nne.

Simu ya kwanza, Esinam akaiweka kwenye spika. Mwanamke, sauti ya chini, anasema maneno kwa mpangilio kama anayesoma orodha. Anaitwa Sista Afriyie, muuguzi wa zahanati ya kijiji cha Asuboa.

"Jana saa kumi na dakika tano niliandika sindano mbili. Kioo kikasema imehifadhiwa. Umeme ukakatika. Uliporudi, sindano hazipo."

"Ulibonyeza kitufe, Sista?" Esinam akauliza.

"Nilibonyeza."

"Kwa kidole kikavu?"

"Binti yangu, nina miaka ishirini na sita wodini. Najua kukausha vidole."

Esinam alikata simu akasema huyu atatusumbua. Mimi nilikuwa mita mbili kutoka kwake. Niliendelea kutazama kioo changu.

Alhamisi, 2 Mei
Mvua: kubwa. Umeme: mara mbili.

Jumanne, 7 Mei
Mvua: kubwa, na upepo uliong'oa bati la jirani. Umeme: saa sita nzima hakuna.

Sista amepiga tena, mara ya tatu sasa. Esinam anamweka kwenye spika chumba kizima kisikie. Amepewa jina, Sista Imepotea. Injinia akipita huuliza, "Leo mama yetu amepoteza nini? Miwani?"

Leo Injinia aliniambia nimwigize. Nilisimama. Nikaikausha mikono yangu kwa shati, kidole kimoja kimoja, nikasema kwa sauti yake ya kuhesabu, "Saa kumi na dakika tano, nilibonyeza." Walicheka mpaka Injinia akafuta macho. Ni mara ya kwanza tangu nije chumba hiki kwamba wamecheka nami wala hawakunicheka mimi. Naandika ukweli: nililala vizuri.

Jumatatu, 13 Mei
Mvua: hakuna. Umeme: haukukatika.

Nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Nilichukua daftari hili na orodha ya simu ya Esinam, nikavipanga sambamba. Sista amepiga mara tano. Kila simu imekuja baada ya umeme kukatika. Saa anazotaja, ukizitoa kwenye saa umeme ulipokatika kwa taarifa ya shirika la umeme, tofauti ni dakika sita, dakika mbili, dakika tisa, dakika nne, dakika saba. Hakuna hata moja inayofika kumi.

Hasemi uongo na vidole vyake ni vikavu.

Jumanne, 14 Mei
Mvua: ndogo. Umeme: mara moja.

Niliandika marekebisho: mistari miwili, inayorudisha anwani ya zamani kwenye jedwali. Nilimpelekea Injinia pamoja na karatasi ya zile dakika. Alisoma kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo unataka tuwarudishie zile sekunde nne?"

"Nataka kijani kiseme kweli, Bosi."

"Mimi nimewaahidi wilaya mashine inayojibu papo hapo. Mkutano wa kuongeza zahanati arobaini ni mwezi wa saba. Unataka niende niwaambie nini? Kwamba fundi wangu wa betri ameota ndoto?" Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Ukigusa faili ile tena, utarudi karakana. Na viatu uvue kuanzia leo."

Jumatano, 15 Mei
Mvua: hakuna. Umeme: haukukatika. Miguu peku.

Alhamisi, 23 Mei
Mvua: kubwa tangu alfajiri. Umeme: mara tatu.

Leo nitaandika kirefu.

Saa nne Sista Afriyie aliingia ofisini mwenyewe, maji yakimchuruzika. Ni mdogo wa umbo, nilimdhania mkubwa. Amevaa sare ya kijani iliyopigwa pasi, na kwapani ameshika daftari la shule lililofungwa kwa mfuko wa plastiki. Alimsalimu kila mtu chumbani, kuanzia kulia, akaja mpaka kwangu. Nikainuka kumpa mkono. Akatazama miguu yangu.

Alifungua daftari mezani kwa Injinia. Tangu Mei mosi, kila dawa anayoiingiza kwenye mashine anaiandika pia kwa kalamu. Dawa kumi na moja zimo daftarini lakini hazimo kwenye mashine.

"Sikuja kugombana, Injinia," alisema. "Nimekuja kuomba mtazame."

Injinia hakulitazama. "Sista, wilaya ilikwambia nini kuhusu karatasi?"

"Tuache."

"Kwa nini?"

"Ili kusiwe na rekodi mbili zinazopingana."

"Nawe umetengeneza rekodi ya pili, kisha umekuja kuniambia zinapingana." Alizungusha kiti akawatazama wenzangu. "Jamani, mnaona akili?" Wakacheka. "Unajua naweza kuandika barua leo hii usimamishwe?"

"Naweza kusimamishwa," Sista akasema. "Lakini anayekuja zamu baada yangu anasoma kile kioo tu. Siku moja atampa mtu sindano niliyokwisha kumpa."

Hapo Injinia akaniita. "Yaw, njoo. Sista, huyu ndiye aliyeandika sehemu ya kuhifadhi. Ni mkono wake. Muulize yeye, mimi nitanyamaza." Akanigeukia. "Mashine ikisema imehifadhi, imehifadhi au haijahifadhi?"

Sista alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kupimwa joto.

Nilifikiria karakana. Nilifikiria miezi minne ambayo imebaki miwili. Nilifikiria pia kwamba nitamweleza pembeni, baadaye, nikimsindikiza.

"Imehifadhi," nikasema.

"Asante, Injinia Yaw," akasema Injinia.

Sista alinyoosha mkono achukue daftari lake. Injinia akalitangulia, akalitia kwenye droo yake na kuifunga kwa ufunguo. "Hili linakaa huku. Ukikutwa na jingine, utaacha hiyo sare." Sista alibaki na ule mfuko wa plastiki mkononi. Aliukunja vizuri, mara mbili, akautia mfukoni, akaaga kila mtu, kuanzia kulia.

Sikumsindikiza.

Ijumaa, 24 Mei
Mvua: kubwa. Umeme: mara mbili. Barua imekwenda wilayani. Zahanati zote kumi na mbili zimepigwa marufuku kuandika kwa kalamu.

Jumatatu, 3 Juni
Mvua: siku ya nne mfululizo. Umeme: nimeacha kuhesabu. Sista hapigi simu tena. Esinam anasema, "Amepona."

Alhamisi, 6 Juni
Mvua: kubwa sana. Umeme: ulikatika saa nane na dakika sita mchana, ukarudi saa nane na nusu.

Ijumaa, 7 Juni
Mvua: kubwa. Umeme: mara mbili.

Esinam alipokea simu kutoka Asuboa saa tatu. Hakuiweka kwenye spika. Alisikiliza, akaandika, akaniletea karatasi mimi badala ya Injinia. Mwandiko wake ulikuwa umelala upande.

Jana saa nane kamili mchana, Sista Afriyie alimchoma mjamzito aitwaye Adwoa Nimo sindano ya kuzuia kifafa cha mimba. Akaiandika kwenye kioo. Kijani kikatokea. Muda uleule mama mwingine akaanza kutoka damu, na Sista akapanda naye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa. Saa nane na dakika sita umeme ukakatika. Mkunga wa zamu iliyofuata aliingia saa nane na nusu, umeme umerudi, akasoma kioo: Adwoa Nimo hajapewa kitu. Adwoa mwenyewe alikuwa hajitambui, hakuweza kusema. Akamchoma ya pili. Ile dawa ikizidi, pumzi husimama. Alifariki kabla ya saa kumi, na mtoto tumboni.

Mkunga anasema alifuata kioo. Wilaya inasema Sista hakuandika, na sasa anadanganya.

Esinam alikaa kwenye kiti chake akaikausha mikono kwa sketi yake, kidole kimoja kimoja. Sidhani kama alijua anafanya hivyo.

Jumatatu, 10 Juni
Mvua: ndogo. Umeme: haukukatika.

Injinia aliniita, akafunga mlango. Tuna amri kwenye kompyuta inayoonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini. Watu wa kazi hii duniani kote wanaiita lawama. Unaandika neno lawama, kisha jina la faili, na majina yanapangika pembeni. Aliandika. Mbele ya ile mistari mitano, mara tano: Yaw Dankyi. Yaw Dankyi. Yaw Dankyi. Yaw Dankyi. Yaw Dankyi.

"Sahihi ya mkaguzi iko wapi?" akauliza.

"Ulisema utaweka baadaye."

"Mimi naona fundi ameingiza kitu bila kukaguliwa." Alisema bila kupandisha sauti. "Sista atapoteza sare, basi. Atalima. Wewe utafungwa. Mwanamke mmoja na mtoto, unajua hiyo ni miaka mingapi? Chagua mwenyewe, mdogo wangu. Mimi sikulazimishi."

Jumatatu, 17 Juni
Mvua: ndogo. Umeme: mara moja. Sijafanya lolote.

Alhamisi, 27 Juni
Mvua: hakuna. Umeme: haukukatika.

Esinam amenionyesha wito. Kamati ya nidhamu ya wilaya itakaa tarehe nne. Sista ameomba kwa maandishi kwamba mimi niitwe shahidi wake. Ameandika: *Yule kijana asiye na viatu.*

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza Esinam.

"Amesema siku ile ulichelewa kujibu," akasema. "Mwongo hachelewi. Yaw, nenda. Nikikusikia tena ukisema imehifadhi, nitakutemea mate, nakuapia."

Jumanne, 2 Julai
Mvua: hakuna. Umeme: mara moja. Nimechapa ile mistari mitano kwenye karatasi. Nitasema yote. Miaka ya kifungo wanipe watakavyo.

Alhamisi, 4 Julai
Mvua: hakuna. Umeme: haukukatika.

Ukumbi wa wilaya, Nkwantapon. Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mkuu mstaafu, mwenye shati la kitambaa kizito na kalamu mbili mfukoni. Wengine wanne walimtazama yeye kabla ya kusema chochote. Injinia alikuwa mstari wa mbele kama mtaalamu wa kamati. Sista Afriyie alikaa peke yake kwenye benchi, na ile sare.

Nilisimama nikasema. Nilisema kwamba kijani ni uongo, na kwamba mimi ndiye niliyeuandika, kwa kuagizwa. Nilisema Mei niliulizwa mbele ya Sista na nikajibu uongo. Nilitaja zile dakika: sita, mbili, tisa, nne, saba. Nilitoa karatasi. Mgongo wangu ulikuwa umelowa, lakini kifuani nilijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Sista alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, kama anasikiliza moyo wa mtoto tumboni.

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma karatasi kwa sauti. Hakuielewa, akaruka mpaka mstari aliouelewa.

"Rudisha sifuri," akasoma. "Maana yake, muuguzi akibonyeza, mashine inarudisha sifuri."

"Ndiyo, mheshimiwa. Papo hapo, bila kuandika."

"Inarudisha sifuri." Akaweka miwani mezani. "Kwa hiyo mashine ilikuwa inamwambia."

"Inamwambia nini?"

"Kwamba amefeli! Kijana, nimefundisha miaka thelathini na minane. Najua sifuri ni nini." Wenzake wakaanza kutikisa vichwa kukubaliana naye. "Mashine imempa sifuri, naye akaondoka wodini kana kwamba amepewa mia. Mnaona?"

"Hapana, mheshimiwa, sikiliza. Kwenye kiini sifuri ni salama. Hitilafu ni namba za chini ya..."

"Chini ya sifuri kuna nini?" akasema mmoja. Ukumbi ukacheka.

"Kioo kiliandika imehifadhiwa," Sista akasema. "Kwa kijani. Mashine haikunionyesha sifuri yoyote."

"Shahidi wako mwenyewe ndiye aliyeleta karatasi, mama. Imeandikwa sifuri. Unampinga shahidi wako?" Mwenyekiti akamgeukia Injinia. "Mtaalamu, tusaidie. Hapa pameandikwa sifuri au hapakuandikwa?"

Nilimtazama Injinia Ofosuhene. Amesoma ng'ambo miaka saba. Jambo hili analijua kuliko mtu yeyote ukumbini. Aliichukua karatasi, akaisoma taratibu, akairudisha kwa mikono miwili kwa heshima.

"Pameandikwa sifuri, mheshimiwa," akasema. "Mimi siwezi kubishana na karatasi."

Nilipiga kelele. Nilisema anajua, muulizeni, anajua. Mwenyekiti akaniuliza nina shahada gani. Nikasema nimemaliza sekondari. Akaniuliza hisabati nilipata nini. Injinia, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya upole, "Mheshimiwa, tusimwonee. Waliwahi kumpigia makofi."

Uamuzi ulichukua dakika kumi na tano. Sista amefukuzwa uuguzi, na faili lake linapelekwa polisi. Uthibitisho mkuu ni karatasi yangu. Wameiambatanisha.

Nje Sista alikuwa amesimama kwenye ngazi, ameshika kofia yake ya uuguzi. Nilimwendea.

"Kweli sifuri ni nini, kaka Yaw?" akaniuliza.

"Ni salama, Sista. Maana yake hakuna tatizo."

"Basi ungesema hivyo mwezi wa tano," akasema, akashuka ngazi.

Jumatano, 10 Julai
Mvua: hakuna. Umeme: haukukatika.

Injinia ameondoa mistari yangu mitano kwenye kiini. Ametumia ile mistari yangu miwili ya Mei, neno kwa neno. Maelezo yake: *Marekebisho madogo.* Sahihi zote mbili ni zake.

Jumatatu, 15 Julai
Mvua: hakuna. Umeme: mara moja.

Injinia aliniita akanipa kiti. Nilitegemea kufukuzwa. "Wakili wetu alikuwa ameandaa kurasa arobaini," akasema. "Wewe umetuokoa kwa neno moja." Akanisukumia bahasha. Ni barua ya ajira ya kudumu, chumba cha kiini. Zahanati arobaini zimekubaliwa. "Ukisema tena, anayesema ni mtu yuleyule aliyesema mwanzo. Nani atakusikiliza? Weka sahihi, uvae viatu vyako."

Alipotoka kwenda kula, Esinam aliingia na nyundo ya karakana. Aligonga droo mara moja tu, kufuli ikafunguka. Akanipa daftari la Sista. "Mimi nakwenda kwetu," akasema, akatoka na mkoba wake.

Jumamosi, 20 Julai
Mvua: hakuna. Umeme: sijui, nilikuwa Asuboa.

Nilimkuta Sista Afriyie uani akipepeta mahindi. Watoto wa jirani waliponiuliza nakwenda kwa nani, nilisema kwa Sista, wakasema huku hakuna Sista, kuna yule aliyemuua Adwoa. Alivaa kanga mbili na fulana ya kampeni ya chanjo. Nilimpa daftari lake. Hakulipokea mpaka alipokausha mikono, kidole kimoja kimoja.

Alifungua ukurasa wa mwisho. Mistari ilikoma tarehe ishirini na mbili Mei. Aliingia ndani, akarudi na kalamu, akaandika akiwa amesimama, daftari juu ya ungo. Kisha akanipa nisome.

*Alhamisi, 6 Juni. Saa 8:00 mchana. Adwoa Nimo. Sindano moja, paja la kulia. Imetolewa na: A. Afriyie.*

"Mlisema kwenu kila kitu kina sahihi mbili," akasema. "Esinam aliniambia kwenye simu. Anayeandika na anayekagua."

"Ndiyo, Sista."

"Mimi sio Sista. Kagua."

Nilikagua. Saa ilikuwa sawa, jina lilikuwa sawa, dakika sita kabla ya umeme kukatika. Niliweka sahihi yangu chini ya yake.

Alilitazama daftari, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, uleule, uliokunjwa mara mbili. "Limehifadhiwa," akasema. "Sasa nenda, na usirudi hapa."

Nimefika nyumbani saa kumi na moja. Barua ya Injinia iko mezani. Pale chini wameacha nafasi ya sahihi moja tu.